Ekzosi ya Kuchongesha: Uzuri Ukae Wapi?

Ukipeleka gari kwa fundi wa kuchomelea mabomba, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Bosi, unataka mlio gani?" La pili huwa la pua: moja au mbili, ya duara au ya umbo la yai, ya kung'aa au nyeusi. Ukishajibu hayo mawili, grenda inawashwa. Hakuna atakayekuuliza moshi utatokea wapi ukiwa kwenye foleni, bomba litapita umbali gani kutoka kwenye tangi la mafuta, wala fundi mwingine atalifunguaje siku giaboksi itakaposhushwa. Maswali hayo inabidi uende nayo mwenyewe.

Sisemi uzuri hauna maana. Mtu aliyetoa hela yake kununua Subaru ana haki ya kutaka iungurume kama Subaru. Ninachosema ni kwamba ekzosi ina urefu wa mita tatu au nne, na kinachoonekana na wapita njia ni sentimita 30 za mwisho. Hizo 30 zifanye upendavyo. Zilizobaki ziachie injini, joto, maji, na mapafu ya watu waliokaa ndani ya gari. Isitoshe, huko chini kuna uzuri wa namna yake, unaosema kweli kuhusu kazi, na ukijua kuusoma utamtambua fundi mzuri kabla hujampa hata malipo ya awali.

Tuanze na moshi wenyewe, maana ndio unaoua. Petroli ikiungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, ila haibebi hewa ya kutosha. Dalili zake hazitofautiani sana na uchovu wa safari: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Mtoto anatapika siti ya nyuma, wazazi wanasingizia kona za kupanda Lushoto.

Ekzosi ya kiwandani hutokeza pua yake nje kabisa ya ukingo wa gari. Fundi wa mtaani, ama kwa kutaka kuokoa nusu mita ya bomba ama kwa sababu mteja anataka bampa lionekane safi, hukatia bomba chini ya buti. Kwa macho ni kazi nadhifu kweli. Lakini gari linapokimbia, nyuma yake hubaki hewa iliyopungua nguvu, inayozunguka na kurudi kulifuata gari. Moshi ulioachwa chini ya sakafu hunaswa humo na kupanda kupitia kila upenyo: raba ya mlango wa nyuma iliyochoka, tundu la waya wa taa, kizibo cha sakafu kilichodondoka zamani. Noah, Probox na magari yote yenye mlango mpana wa nyuma yako kwenye hatari zaidi. Ukiendesha mlango huo ukiwa wazi kwa sababu umebeba mbao ndefu, moshi unaingia moja kwa moja.

Kwa hiyo sharti la kwanza unalompa fundi halihusu mlio. Mwambie: pua ipite ukingo wa bampa, tundu lielekee nyuma au nje ubavuni, na kati ya bomba na plastiki ya bampa kubaki nafasi ya vidole viwili vinene. Bampa lililoyeyuka kwa umbo la nusu duara juu ya pua inayometa ni jambo la kawaida sana mitaani kwetu, na halimpendezi yeyote.

Unene wa bomba ndio kosa linalofuata. Bomba nene linaonekana la nguvu, na hapo watu huteleza. Injini haitoi moshi kwa mkondo mmoja. Hutoa kwa vishindo. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa vishindo 100 kila sekunde. Kila kishindo kinapokimbia bombani huacha nyuma yake mvuto mdogo, na mvuto huo husaidia kuutoa moshi wa silinda inayofuata. Bomba likiwa pana kupita kiasi gesi hupungua kasi, hupoa, na ule mvuto hupotea. Gari linakuwa zito kuondoka kwenye taa, ingawa sauti yake inakudanganya kwamba linapaa.

Mafundi wengi wanaijua dalili hii, na wameipa sababu yao: injini, wanasema, inahitaji "bakipresha", yaani moshi uzuiliwe kidogo. Dalili wameipata, sababu wameikosa. Injini haifaidiki na kuzibwa pumzi. Inachotaka ni kasi ya gesi, na kasi hiyo hutokana na bomba linalolingana na ukubwa wake. Kwa injini za 1,300 hadi 1,500 cc, kama za IST na Vitz, bomba la inchi 1.5 hadi 1.75 linatosha. Injini ya 1,800 hadi 2,000 cc isiyo na tabo, inchi 2. Zenye tabo ni habari nyingine: tabo imeshavivunja vishindo na kula nguvu yake, kwa hiyo baada yake upana unasaidia kweli, na inchi 2.5 hadi 3 si mbwembwe. Ukimwona mwenye Vitz amefunga bomba la inchi 3 kuanzia mbele hadi nyuma, jua amenunua kelele na amelipia chuma cha bure.

Upana ukishapatikana, usipotezwe kwenye kona. Hapa ndipo ningekushauri usimame karibu na uangalie kwa macho yako. Fundi asiye na mashine ya kukunjia ana njia tatu. Ya kwanza ni kulipinda bomba kwa nguvu likiwa tupu. Upande wa ndani wa kona hujikunja na bomba hubonyea. Bomba la milimita 50 likibanwa hadi nafasi yake ikalingana na ya bomba la milimita 40, limepoteza zaidi ya theluthi ya njia, na yote uliyolipia upana yameishia hapo. Njia ya pili ni ya kukata vipande vya kabari na kuviunganisha kimoja kimoja hadi kona ipatikane. Ikifanywa kwa uangalifu ni nzuri mno, ila kila kipande ni mshono, na kila mshono ni mahali pa kuvuja.

Ya tatu ni ya zamani na mimi naipenda kuliko zote: mchanga. Fundi anaujaza bombani, anaushindilia kwa kugongagonga ubavu wa bomba hadi sauti ibadilike kutoka ya kengele na kuwa bubu, anaziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mti, kisha anapasha moto sehemu ya kona hadi iwe nyekundu na kuipinda taratibu. Mchanga unakataa kubanwa, kwa hiyo bomba linabaki duara. Muulize kitu kimoja tu: mchanga umekaushwa? Mchanga wenye unyevu ndani ya bomba lililozibwa ukipata moto hutoa mvuke, na mvuke usio na pa kutokea huvurumisha kizibo kama risasi. Fundi anayeanza kwa kuukaanga mchanga kwenye bati kabla ya kuujaza, mpe kazi bila kujadili bei sana.

Sasa tuje kwenye mlio wenyewe, ambao ndio uliokutoa nyumbani.

Mwaka 1897, ndugu wawili wa Columbus, Indiana, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya sailensa ya injini. Magari yenyewe yalikuwa hayajatimiza miaka 15. Kwa hiyo ugomvi kati ya mwenye gari na majirani ni wa siku nyingi, na tangu hapo sailensa zimegawanyika katika aina mbili kubwa. Moja ina vyumba ndani: moshi hupitishwa huku na kule, mawimbi ya sauti yanagonga kuta na kurudi kuyapunguza mengine. Nyingine ni bomba lililonyooka lenye matundu madogo, limezungushiwa sufi ya kioo au ya mwamba, na sauti humezwa na ile sufi. Ya kwanza ni tulivu zaidi, ya pili hupitisha moshi kwa wepesi. Ukichongesha ya pili, dai sufi hiyo hasa. Mafundi wengine hujaza stili waya ile ya kusugulia sufuria. Nyuzi zake ni nyembamba, joto na kutu huzimaliza mapema, na vumbi lake hutoka na moshi. Baada ya muda mfupi mlio uliokuwa mtamu unageuka kuwa wa debe.

Kopo dogo la katikati ndilo linalokatwa kwanza, kwa hoja kwamba halina kazi. Lina kazi. Puliza juu ya mdomo wa chupa ya soda: chupa inatoa sauti moja tu, ileile kila mara, kulingana na ukubwa wake. Makopo mengi ya katikati hufuata kanuni hiyohiyo, ambayo Mjerumani Hermann von Helmholtz aliichambua katika karne ya 19. Kopo hilo limepimwa limeze sauti fulani, na mara nyingi ni ile inayotokea mwendo wa barabara kuu. Liondoe, kisha safiri kutoka Chalinze kwenda Segera. Mjini gari lilivuma vizuri. Huku, ukifika kilomita 100 kwa saa, ndani kunajaa mngurumo mzito usiopanda wala kushuka, unaobana masikio na kuwafanya abiria wapige kelele ili wasikizane.

Dawa ipo na haihitaji kuziba bomba. Tuseme gari lako la silinda nne kwenye mwendo huo linazunguka mara 2,500 kwa dakika. Hivyo ni vishindo 83 kwa sekunde. Sauti ndani ya moshi wa nyuzi 250 hivi husafiri takriban mita 460 kwa sekunde. Gawanya 460 kwa 83, kisha gawanya tena kwa 4: unapata mita 1.4 hivi. Fundi akichomelea pembeni mwa bomba kuu kijibomba chenye urefu huo, upande mmoja wazi kuelekea kwenye bomba na mwingine umezibwa, wimbi linaloingia humo hurudi likiwa kinyume cha lile linalopita, na mngurumo huo unapungua sana. Kijibomba kinaweza kupinda kufuata sakafu. Moshi haupiti humo, kwa hiyo hakuna nguvu inayopotea. Hakionekani, hakina sifa barazani, na ni moja ya kazi za akili nyingi unazoweza kumpa fundi wa mtaani.

Wenye Premio wanaotaka mvumo wa Subaru nao kuna neno lao hapa. Ule mvumo wa Impreza na Forester za tabo unaosikika Nairobi usiku kucha hautokani na tundu kubwa la nyuma. Injini ile imelala, silinda mbili kila upande, na katika zile zinazosifiwa kwa mvumo mabomba ya kukusanyia moshi ya upande mmoja ni marefu kuliko ya upande mwingine. Vishindo vinafika vikiwa vimepishana, ndiyo maana inasikika kama inacheka. Subaru wenyewe walipofunga mabomba yenye urefu sawa kwenye matoleo mengine ya tabo, kicheko kilipungua. Kutoboa sailensa ya gari lenye silinda nne za mstari mmoja hakukupi mvumo huo, hata utoboe kiasi gani. Kunakupa mlio wa trekta. Na kwa Wakenya, Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2009 zinagusa pia kelele za magari, kwa hiyo jirani aliyekosa usingizi ana pa kushtaki.

Milipuko ya makusudi, ile ya "pa-pa-pa" mtu akiachia mafuta, naipitia haraka: ni petroli ambayo haikuungua kwenye injini, na sasa inaungulia bombani. Kama bado una masega, yanapikwa hadi kuyeyuka.

Na masega yenyewe yanahitaji maelezo yao. Hicho kifaa kilichopo mbele, chenye matundu madogo mengi, kimepakwa platinamu, paladi na rodi, na kazi yake ni kugeuza kaboni monoksaidi na gesi nyingine za sumu kuwa gesi zisizo na madhara ya namna hiyo. Madini hayo ni ghali. Mwaka 2021 wakia moja ya rodi ilivuka dola 20,000. Sasa unaelewa kwa nini kila gari lisilovuta vizuri hupewa jibu lilelile gereji: "Masega yameziba, tuyatoe." Fundi anakata, anaunga bomba tupu, wewe unalipa ufundi, na masega yako yanabaki chini ya meza yake yakimsubiri mnunuzi.

Yanaziba kweli wakati mwingine, hasa kwenye gari linalokula oili. Lakini hilo hupimwa, halikisiwi. Fungua sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji ya shinikizo kwenye tundu lake, washa injini na ushikilie mizunguko 2,500. Geji ikivuka psi 3, kuna kizuizi mbele ya safari. Ikibaki chini ya hapo, tatizo lako ni plagi, pampu au kitu kingine, na masega hayahusiki. Yakilazimika kutoka, yachukue. Ni mali yako. Sisi wa kusini mwa Sahara tuliacha petroli yenye risasi tangu mwanzoni mwa mwaka 2006, na risasi ndiyo iliyokuwa ikiyaua masega. Ile hoja ya kale kwamba "kwa mafuta yetu hayafai" imekosa miguu tangu wakati huo.

Kuna wanaotoa masega kisha kuisogeza sensa ya nyuma kwa kijispesa ili taa ya cheki injini isiwake. Hiyo ni kazi ya sura kwa asilimia mia: dashibodi safi, moshi mchafu. Na sasa ukikwama kwenye foleni, gesi inayotoka kwenye pua yako ina sumu kuliko ile ya jana.

Upande wa chuma cha kutumia, jambo la kukumbuka ni maji. Kila lita ya petroli inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji, yakitoka kama mvuke. Safari ikiwa fupi, ekzosi haipati joto la kutosha, mvuke unageuka maji ndani na kukusanyika kwenye kopo la nyuma. Ndiyo maana sailensa huoza kutoka ndani, na gari la kupeleka watoto shule na kurudi humaliza sailensa mapema kuliko gari la safari za mbali. Mwambie fundi atoboe kitundu cha milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya kopo. Kitadondosha maji. Wenzako watakwambia inavuja, waache. Mkazi wa Mombasa, Tanga au Dar ana chumvi ya bahari inayoshambulia kutoka nje pia, kwa hiyo ukimudu stenlesi, nunua.

Ila hapa kuna kichekesho. Watu hulipa ziada ili pua ya stenlesi ichomwe ipate ile rangi ya samawati na zambarau. Rangi hiyo ni alama kwamba joto limevuruga ngozi ya chuma, ile inayokikinga na kutu. Yaani sehemu uliyolipia ipendeze ndiyo itakayoanza kushika kutu. Kwenye pua si neno, utaipolishi. Lakini ukiona rangi hiyo pande zote za kila mshono huko chini, dai isafishwe.

Bandeji za kuzungushia bomba, zile zinazofanya gari lionekane la mashindano, nazo hunywa maji ya mvua na kuyakumbatisha kwenye chuma. Kwenye bomba la chuma cha kawaida, pwani, ni njia ya haraka ya kulitoboa. Bomba la maji la mabati, ambalo ni rahisi kupatikana na linang'aa likiwa jipya, lina tabia mbaya zaidi: zinki iliyopakwa juu yake huchemka kwenye nyuzi 907, na moto wa kuchomelea ni mkali kuliko huo kwa mbali. Moshi mweupe unaotoka humpa fundi homa na kutetemeka usiku huohuo. Kama hakuna bomba jingine, zinki iondolewe kwa grenda eneo lote la mshono, kazi ifanyike nje penye upepo, na fundi avae barakoa inayozuia mafusho.

Chuma kikipata joto hurefuka, na mafundi wengi hawalihesabu hili. Mita moja ya bomba la chuma cha kawaida ikipanda nyuzi 300 hurefuka milimita 3.6, stenlesi hufika milimita 5. Zidisha kwa urefu wa gari. Ekzosi iliyochomelewa moja kwa moja kwenye chasisi, bila raba, haina pa kwenda, kwa hiyo inapasuka, na aghalabu inapasuka karibu na injini. Kuna raba za kuning'inizia kwa sababu hiyo. Kuna pia fleksi, kile kipande kilichosukwa kwa waya, kinachoiruhusu injini kutikisika bila kulivuta bomba. Fundi akikwambia ataweka bomba zima mahali pa fleksi "ili pasivuje tena", mshukuru na uondoke.

Vilevile dai flanji mbili za bolti, moja baada ya fleksi na nyingine kabla ya kopo la nyuma. Ekzosi iliyochomelewa mwanzo hadi mwisho inapendeza kweli, ni mstari mmoja usio na kikwazo. Siku ya kushusha giaboksi itakatwa kwa grenda, na itaungwa upya na mtu ambaye haoni sababu ya kujali.

Nilisema kuna uzuri unaosema kweli. Lala chini ya gari lililomaliza kutengenezwa na fundi huyo, si lako bado, utazame. Nafasi kati ya bomba na sakafu iko sawa njia nzima? Bomba linafuata handaki la gari au linakatiza ovyo karibu na paipu za breki na mafuta? Raba zote zimening'inia wima, au moja imevutwa kama iko kwenye mateso? Mabati ya kukinga joto yamerudishwa, au yametupwa kwa sababu yalikuwa yanapiga kelele? Hayo yakiwa sawa, fundi anajua anachofanya, hata kama hakupaka rangi.

Mshono wenyewe unadanganya zaidi. Wapo wanaochora mshono wa magamba ya samaki, mzuri kama ushanga, uliokaa juu ya bomba bila kuingia. Bomba la ekzosi lina unene wa milimita 1.5 hivi; welda wa fimbo akiogopa kulitoboa hupunguza moto, na chuma hakishikani. Tazama kwa ndani kabla bomba halijafungwa: mshono mzuri huacha alama nyembamba upande wa pili pia. Fimbo nyembamba, za milimita 2, humsaidia. Na kama anaunga stenlesi na chuma cha kawaida, muulize anatumia fimbo gani. Jibu unalotaka lina namba 309 ndani yake.

Wakati wa kuchomelea, betri ifunguliwe, klempu ya athi ikae karibu na mshono na si kwenye bampa la mbele, na kazi ya karibu na tangi ifanyike bomba likiwa chini. Walishike kwa nukta mbili tatu za kuchomelea likiwa garini ili lisipoteze mwelekeo, kisha walishushe wamalizie mezani. Kwa magari yaliyofungwa mtungi wa gesi asilia, kama yalivyo mengi Dar siku hizi, pitia kwanza kwa aliyefunga mtungi akubali njia ya bomba.

Kabla hujalipa, gari likiwa la baridi na mko nje, liwashwe, na mtu azibe pua kwa kitambaa kinene kilicholowa kwa sekunde chache. Kama hakuna pengo, injini itahangaika na kutaka kuzima. Kama lipo, utasikia "chsss" mahali fulani chini. Paka maji ya sabuni na mapovu yatakuonyesha. Usilipuuzie pengo dogo la mbele. Likiwa kabla ya sensa ya kwanza, hewa ya nje huvutwa ndani kati ya kishindo na kishindo, sensa inadhani injini imepungukiwa petroli, na kompyuta inaongeza. Watu wengi wanaolalamika kwamba gari limeanza kula mafuta baada ya kubadilisha ekzosi wana pengo la ukubwa wa punje ya mchele.

Rudi baada ya wiki moja ya matumizi ya kawaida, bolti zikazwe upya, kwa kuwa gasketi mpya hujikandamiza zikishapata joto na kupoa mara kadhaa. Hapo ndipo pua inunuliwe, na ifungwe kwa klempu badala ya kuchomelewa. Tuta la kwanza lisilo na alama likiigonga, utabadilisha pua peke yake, na hutaanza kutafuta fundi wa kunyoosha kila kitu hadi kwenye fleksi.